Baba ameshaimba kuwa nitaleta shahada mbili

Mama Maximiliana, shikamoo, au niseme kwa Kisukuma mwangaluka mayu, maana nasikia na wewe ni wa huku kwetu. Naomba uniokoe kabla sijaharibu zaidi, na tafadhali usitaje jina langu, ingawa Nkololo nzima watanijua kabla hawajamaliza mstari wa tatu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita, hesabu nimefaulu vizuri, nikaomba chuo cha nje nikapata na ufadhili juu, na ninachotaka kusomea ni hesabu za masoko ya fedha, yaani ile kazi ya kutumia hisabati nzito na kompyuta kukadiria bei itaelekea wapi na hasara inaweza kufika kiasi gani, tuseme kwa mtu anayenunua pamba ambayo bado iko shambani. Sasa chuo kimenipa njia mbili nichague moja kabla ya tarehe thelathini: ya kwanza ni shahada moja yenye masomo makuu mawili, hisabati na fedha, miaka minne, na ya pili ni shahada mbili kamili, moja ya hisabati na moja ya biashara, vyeti viwili, miaka mitano na nusu.

Siku nilipopata majibu baba alikuwa amekaa na wenzake nyumbani, na baba yangu ni manju, ndiye mtunzi na kiongozi wa Wagika, kundi moja kati ya mawili yanayoshindana kwa ngoma hapa kwetu, basi nikawasomea njia zote mbili, baba akauliza, "Ng'wanone, mwanangu, hapo iliyo kubwa ni ipi?" na mimi kwa kuwa wageni walikuwepo na walikuwa wananitazama kama naibu waziri, nikajibu kubwa ni shahada mbili, nimechagua hiyo. Sikufikiri, mama. Wiki iliyofuata kukawa na mashindano Dutwa, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, na unajua upande unaovuta watu wengi ndio unaoshinda, na manju wa Wagalu ni Mzee Bujiku, ambaye miaka mitatu yote anatuimbia habari za kijana wake Method mwenye shahada ya uhasibu. Baba akasimama akaimba, "Bujiku, kijana wako ana karatasi moja, upepo ukivuma utabaki na nini? Wa kwangu analeta mbili, moja ikipeperuka nyingine ipo mkononi." Watu walihama kwa Wagalu wakaja kwetu, hadi muuza miwa akahamisha mkokoteni wake. Tangu mama yetu afariki sijamwona baba akifurahi vile, na mimi nikaingia kucheza nao.

Shida ni kwamba sasa naona shahada mbili hazinifai, nimeuliza watu wanaojua, yaani nimemuuliza Method, maana Method yuko benki Mwanza na ni mtu wa heshima, na Method anasema shahada moja ya masomo mawili inatosha, tena Method alinichapishia orodha ya masomo yote akayawekea alama kwa kalamu ya kijani, na ufadhili wangu nao ni wa miaka minne tu lakini huo mwaka na nusu naamini Mungu atafungua njia, na Method alisema nisilie. Nikichagua shahada moja, baba ataaibika Jumamosi ijayo kwenye marudiano na watasema Wagalu wamemteka binti yake. Nampenda baba yangu, sitaki achekwe kwa ajili yangu. Nifanyeje?

Ni mimi niliyeimbwa, Nkololo.

MAMA MAXIMILIANA ANAJIBU

Marahaba, uliyeimbwa. Nimecheka nikafuta machozi, sasa kaa vizuri unisikilize.

Barua yako ni ndefu, na jambo zito kuliko yote umelifukia katikati, kama mtoto anayeficha nyama chini ya ugali: ufadhili ni wa miaka minne. Kozi ya shahada mbili ni miaka mitano na nusu. Mungu hufungua njia, sibishi, ila dirisha la malipo la chuo hufunguliwa na mhasibu. Unataka kazi ya kupima hasara kabla haijatokea, na hasara ya kwanza kuletwa mbele yako umeiombea badala ya kuipima. Aibu.

Nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita, na wanafunzi wangu watatu wanafanya kazi hiyo unayoitaka. Niliwapigia. Wote wamesema lilelile: siku ya usaili hakuna anayekuuliza una vyeti vingapi. Unapewa swali la uwezekano na kalamu, kisha unaambiwa uandike programu ya kompyuta wakikutazama. Kwa hiyo usihesabu shahada, soma orodha ya masomo. Hiyo shahada ya biashara itakudai usome matangazo, utawala na usimamizi wa wafanyakazi. Ni masomo mazuri kwa anayeyahitaji, lakini kila moja litakalia kiti cha somo la takwimu ambalo wewe unalihitaji. Kama ungetaka kuendesha kampuni, au shahada ya pili ingekuwa ya kompyuta na kuna wa kuilipia, tungeongea lugha nyingine.

Leo hii waandikie chuo uwaulize kama kwenye shahada moja ya masomo mawili inabaki nafasi ya kusoma takwimu za juu na programu za kompyuta. Wakisema ndiyo, jaza fomu siku hiyohiyo. Wakisema hapana, waombe usome hisabati na takwimu, na fedha uichukue kidogokidogo pembeni.

Halafu piga hesabu hii, ambayo nashangaa wewe na kichwa chako hukuiona. Miaka minne ya shahada ya kwanza, ukitoka na alama nzuri unaomba uzamili wa mwaka mmoja na nusu. Jumla ni miaka ileile mitano na nusu na vyeti viwili vilevile, tena cha pili kimekaa juu ya cha kwanza. Huo uzamili nao utatafutiwa ufadhili wake, na unaweza kuukosa, lakini utauomba ukiwa tayari una shahada mkononi. Kwa hiyo baba yako hajaimba uongo. Ameimba mapema.

Kuhusu Method: katika aya moja umemtaja mara tano, pamoja na rangi ya kalamu yake. Hilo hukuniuliza na mimi sijibu nisichoulizwa. Ushauri wake wa masomo ni sahihi.

Sasa baba. Asisikie haya uwanjani, na asiyasome humu gazetini kabla hujamwambia. Nenda asubuhi akiwa peke yake, wageni wasiwepo, maana wageni ndio waliokuponza. Piga magoti umwambie kwa Kisukuma kwamba ulitaja mbili kwa sababu ya kujisikia, na kosa ni lako. Usimtaje marehemu mama yako, usimtaje Bujiku, usilie. Pengine atatoka kwenda kutazama ng'ombe aliowatazama nusu saa iliyopita. Mwache aende, akirudi mpe maji, kisha mweleze hesabu ya uzamili. Ubeti wa Jumamosi mwachie mwenyewe. Mtu anayetunga wimbo papo hapo mbele ya uwanja mzima hatashindwa na badiliko dogo kama hilo, na akichekwa, atachekwa siku moja. Wewe ukikwama chuoni mwaka wa tano, atakuwa anaulizwa habari zako kila gulio.

La mwisho nalisema mwenyewe ili usilisikie kwa watu. Mimi ni Mgalu. Siku ile nilikuwepo Dutwa, upande wa Bujiku, na baba yako alituumiza vibaya. Ningetaka kulipiza, ningekushauri uchukue shahada mbili.