Picha ya Bukuru

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Kasulu. Laptop imepona! Salumu, yule fundi kompyuta wa karibu na stendi, ameniwekea programu. Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni inajipanga yenyewe — mitihani kwenye folda zake, picha kwa mwaka, kila faili linapewa jina la tarehe, mafaili ya zamani inayabana yapungue uzito. Kopi inazifuta, na debe la taka inalimwaga. "Mwalimu, hutapanga tena kitu," kasema, kifua mbele. Jana ikajipanga kweli. Nusu ya nafasi imerudi. Miaka minane ya uchafu! Nimefurahi, hadi karanga nilimpa.

Jumatano, 6 Agosti

Felisiani kapiga kutoka nyumbani, Mabamba. Kaka yangu huyu hasalimii, anaagiza tu. Jumamosi ya tarehe 16 tunamaliza msiba wa pacha wangu Bukuru, mwaka umetimia. Mama anataka picha yake iwekwe kwenye fremu. Mtoto wake, Ininahazwe, ana miaka minne, hamkumbuki mama yake kabisa, kila siku anauliza alikuwaje. Nikamwambia kaka hilo dogo, picha ninayo.

Sina!

Ile ya studio, Kibondo, 2017. Bukuru alitangulia kuzaliwa, mimi Butoyi nikafuata, na hata studio ilikuwa hivyohivyo. Blauzi moja ya kuazima. Kakaa yeye, kavua, nikavaa mimi, nikakaa kiti kilekile. Mafaili niliyaandika majina mwenyewe, "bukuru" na "butoyi". Sasa kuna picha moja, inaitwa tarehe. Nimeitazama mpaka macho yameuma. Ni mimi. Siku ile jino lilinivimbisha shavu kidogo. Najijua.

Nyingine ya kwake peke yake haipo. Simu yake iliibwa wiki ileile aliyokufa, albamu ya nyumbani ililiwa na mchwa, kitambulisho hakuwahi kupata — namba tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemfuata Salumu asubuhi hata chai sijanywa. Kafungua, kaangalia, hana hata wasiwasi. Eti programu imefanya kazi yake. Picha zikifanana asilimia tisini inahesabu ni kopi, inabakiza faili zito. La kwangu lilizidi kidogo.

"Zilikuwa picha moja, mwalimu."

"Tulikuwa wawili!"

Wateja wakageuka. Baadaye kaniomba radhi, hakujua kama nilikuwa na pacha. Hakuuliza! Na mimi sikusema. Huku kwetu nani anaitwa Butoyi asiwe na Bukuru? Jina lenyewe linasema: pacha wa pili. Lakini wazee wake ni wa Tanga, na mimi ananijua kwa jina la shuleni tu, Winifrida.

Kuna programu ya kufufua vilivyofutwa, ataifuata Kigoma, Jumatatu atakuwa nayo. Sharti: nisiiwashe mashine. Kinachoandikwa kipya kinakaa juu ya kilichofutwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeiwasha. Mtihani wa kidato cha pili — mkuu wa shule kapiga mara tatu, sikukuu yote hii, anautaka. Nikasema dakika kumi tu. Zikawa masaa. Saa kumi na mbili kamili ikaanza kujipanga. Nikachomoa betri.

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Jumatatu, 11 Agosti

Imepatikana nusu. Pazia la studio, nywele, paji la uso, nyusi. Kuanzia machoni kushuka ni kijivu kitupu. Salumu kajaribu mara nne. Nikamwambia nilichofanya Ijumaa, hakunilaumu, na hilo ndilo limeniudhi zaidi. Nilitaka mtu wa kugombana naye.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemweleza Felisiani ukweli, na picha iliyobaki nikamtumia aone lile shavu. Kacheka! Eti tuweke hiyohiyo, nani atajua, sura moja.

Felisiani naye programu. Wote programu, maisha yangu yote! Mwalimu wa darasa la tatu alimchapa Bukuru kwa kosa langu, akasema haidhuru, ni walewale. Shangazi alikuwa analeta gauni moja, tubadilishane. Na msibani kuna mama kanishika mkono, kasema afadhali umebaki wewe, ni kama yupo. Afadhali!

Nimemkatalia. Mama nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana.

Jumamosi, 16 Agosti

Mabamba. Gari liliharibika njiani, nimefika misa ya hapa nyumbani imeshaanza. Fremu iko mezani, imezungushiwa maua ya plastiki. Mimi ndani! Kwa hasira hata komunyo sikwenda. Felisiani hanitazami.

Misa ikaisha. Ininahazwe kaichukua fremu, kabusu kioo, anazunguka kuwaonyesha watoto wenzake: mama yangu huyu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme. Nikaona alivyofurahi. Nikawaza, labda basi, iwe hivyo. Ndiyo, mimi. Niliwaza hivyo.

Kisha Mama kaomba aletewe. Macho yake siku hizi mabovu, kaisogeza mpaka karibu na pua. Hakukaa nayo sana.

"Huyu ni Butoyi," kasema. "Bukuru yuko wapi?"

Hakupaza sauti. Watu wakaacha kula. Felisiani katoka nje. Mtoto akanitazama, akatazama fremu, akanitazama tena.

Nimekimbilia chumba cha mahindi, naandika juu ya gunia. Sina la kumwonyesha ila nywele na paji la uso. Mama kanifuata na fimbo yake. Yuko mlangoni, kamshika Ininahazwe mkono. Anauliza tena.