Anayetangulia Kuingia

Alhamisi, Novemba 1957. Mbeya.

Ukungu umeshuka tangu asubuhi na mlima Loleza hatujauona kutwa nzima. Manyunyu hayakatiki, matope yamefika mpaka mlangoni, kuni zangu zimelowa. Moyo wangu nao haujatulia.

Namshuku mtu. Niandike hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Kushuku ndiyo kazi ninayoiweza. Nyumbani Kalenga mama alikuwa akinitania kwamba mimi hata nikiandaliwa ugali lazima nichungulie chini ya sahani. Tangu nihamishiwe huku kufundisha watoto wa Kisafwa na wa Kinyakyusa, ambao lugha zao sizijui na wao yangu hawaijui, ugonjwa umezidi. Wakicheka nadhani wananicheka mimi. Wakinyamaza nadhani wameniibia kitu.

Kesho darasa langu la nne wanafanya mtihani wa kuingia shule ya kati. Nafasi ni chache mno. Anayepita anaendelea na la tano, asiyepita anarudi shambani na hapo ndipo kusoma kwake kunapokoma.

Yumo msichana mmoja, Atuganile, ambaye baba yake alihamia huku kutoka Tukuyu. Hesabu anazimaliza kichwani kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Benchi moja naye anakaa Ruthi, Msafwa, mtoto mpole, mzito wa kuelewa. Ukimweleza jambo anatabasamu. Ukilirudia anatabasamu tena. Nilikuwa nimeshamkatia tamaa.

Basi mwezi uliopita mzee mmoja wa kamati ya shule, Mzee Ambakisye, alianza kuja kutusikiliza. Hakuwa akiingia ndani. Anakaa barazani, karibu na dirisha, koti kubwa, mwavuli umelazwa magotini. Nilimkaribisha mara ya kwanza akakataa kwa adabu. Mtu anayependa elimu kiasi hicho mbona hapendi kuingia mahali inapotolewa? Nilijisemea: huyu ametumwa kunichunguza mimi, mwanamke, tena Mhehe.

Lakini kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi. Kila siku mzee alipokuwa barazani, Atuganile alikuwa mtoto mwingine kabisa. Anahamia benchi la nyuma, anajifunika kanga kichwani, anaupa dirisha mgongo. Nikimuuliza swali, hata kukohoa hakohoi. Kibao chake kinarudi kitupu. Na siku hizohizo kibao cha Ruthi kinarudi na majibu, mengi yake ya kweli.

Mnaona wenyewe mahali akili yangu ilipokimbilia.

Nikasema hawa wawili wananichezea. Sijui nani anamwibia nani, lakini wizi upo, na macho ya mtu mzima yakiwa dirishani mchezo unaharibika. Dalili ya mvua ni mawingu. Nikaamua kuwanasa kabla ya mtihani.

Jana ndiyo nilitega. Nilimtuma Atuganile mtoni akanijazie kopo la maji ya kufutia ubao. Alipoondoka, nikatoka barazani nikamwambia mzee kwamba baridi ni kali, aingie, kiti chake kiko mbele. Nilitaka msichana arudi amkute, nimsimamishe ubaoni, afanye hesabu kwa sauti mbele yetu sote, mbali na Ruthi. Mzee alichungulia kwanza mlangoni. Akatazama benchi la nyuma, akatazama tena, ndipo akaingia.

Atuganile aliporudi alikanyaga kizingiti na kopo mkononi. Akamwona. Kopo likaanguka, kanga ikapanda mpaka usoni, akageuka akakimbia mvuani. Hilo nililitarajia kidogo. Ambalo sikulitarajia ni la mzee. Mtu mzima yule, mjumbe wa kamati, aliinuka kitini akageukia ukuta, akabaki akiutazama mpaka nyayo za mtoto ziliposikika mbali. Wanafunzi wote waliinamisha vichwa. Hakuna aliyecheka.

Nikasema moyoni: hawa wana siri. Nikalala na mawazo mabaya ambayo sitayaandika hapa.

Leo mchana mama yake Atuganile alinijia nyumbani, amejitwika kikapu cha ndizi na matone yanamchuruzika usoni. Alinisalimu mugonile kwa Kinyakyusa, mimi nikaitikia kamwene kwa Kihehe, tukatazamana, kisha sote wawili tukahamia kwenye Kiswahili chetu cha kuazima. Hakukaa mpaka nilipomsihi. Nikamweleza kwamba mwanawe ana tabia ya kuficha mambo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mwanangu," alisema, "yule mzee ni baba mkwe wake. Ng'ombe zake ziko kwetu tangu mwaka jana."

Akanifafanulia polepole, kama ninavyomfafanulia Ruthi. Msichana akishaposwa, baba wa mume hamwoni. Hamtazami, hamsemeshi, wala sauti ya msichana haimfikii masikioni. Wakikutana njiani, msichana anaingia majanini. Chini ya paa moja hawakai: aliyetangulia ndani ndiye mwenye nyumba, mwingine hubaki nje. Kwa hiyo mzee alikuwa barazani kwa sababu Atuganile yumo. Na mimi jana nilimtoa mtoto, nikamwingiza mkwe, nikamwacha mtoto arudi amkute. Nimezitia aibu nyumba mbili, na watoto wote darasani walilijua hilo isipokuwa mwalimu wao.

Nimeona haya. Kwetu anayejificha ni mwanamume, anamkwepa mama wa mke wake. Nimemwona kaka yangu akizunguka shamba zima ili asikutane na mama mkwe, nikamcheka. Huku sikuwaza hata kidogo kwamba mtoto wa shule anaweza kuwa mkwe wa mtu.

Nikamuuliza habari za Ruthi. Akashangaa kwamba silijui hata hilo. Ruthi na Atuganile huteka maji pamoja kila jioni, na huko Atuganile humfundisha hesabu kwa kupanga mawe kando ya maji, kwa Kisafwa alichookota kwa majirani. Ruthi hakuwa mzito. Alikuwa hanielewi mimi. Mambo ya ubaoni yanampita juu kwa juu, ya mawe yanakaa, na mwenzake akihamia nyuma huyaandika mwenyewe badala ya kumwachia ajibu.

Chuoni mkufunzi wetu alituambia kazi ya mwalimu ni kutafuta kila mtoto anaingilia mlango gani. Niliandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri kabisa. Kisha nikaja huku na mlango mmoja, wangu, na anayeshindwa kupita namwita mjinga au mwizi.

Hata hivyo mama yule hakuja kunipa somo. Alikuja kwa sababu ya kesho. Kamati imemchagua Mzee Ambakisye kuwa shahidi wa mtihani, na shahidi hukaa ndani, mlango ukifungwa, mpaka karatasi zikusanywe. Akiwa ndani, Atuganile haingii.

"Baba yake anataka harusi baada ya mavuno," alisema. "Mtoto anataka shule. Mimi sikusoma, sijui lipi jema. Ila sitaki aitwe mjinga na yeye si mjinga."

Ndizi aliziacha. Nilimsindikiza mpaka njia panda, kisha nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, nguo zikiwa zimelowa. Nikamwomba shahidi abadilishwe. Hakuinua macho. Alisema jambo hili analijua, alitegemea wazee wenyewe wataelewana. Alilijua! Nikauliza mbona hakuniambia. Akajibu kwamba sikumuuliza. Kisha akaniasa: "Mwacha mila ni mtumwa, mwalimu. Na wewe huku ni mgeni."

Nikauliza tena, kwa sauti ya upole ambayo naitunza kwa siku mbaya, kama mzee asipoingia itakuwaje. Akasema asipoingia kwa hiari yake, mjumbe mwingine wa kamati anayeishi jirani ataitwa. Lakini nisijisumbue, ataingia, tena ameomba kufika mapema sana, kabla ya wanafunzi.

Kabla ya wanafunzi.

Hapo ndipo shaka yangu ilipopata miguu. Kwa nini awahi? Huenda ni uzee tu, wazee hawalali. Huenda anataka kuepusha aibu kama ya jana, akae kwanza ili wasigongane mlangoni. Au anajua vizuri kabisa kwamba akitangulia yeye, mtoto atabaki mvuani, mtihani utapita, na mavuno yajayo atampata mkwe asiye na pa kwenda. Mwezi mzima alikuwa anasikiliza nini pale dirishani? Msichana hakutoa sauti. Alikuwa anasikiliza kama bado anakuja shule?

Sina ushahidi. Juzi nilikuwa na hakika kwamba watoto wawili ni wezi, na hakika ile ilikuwa na uzito huuhuu. Kwa hiyo najishuku na mimi pia.

Nimekaa na chai imepoa nawaza elimu hii ni ya nini hasa. Tunasema ni ya kumfungua mtoto. Lakini kesho tutakachofanya ni kupepeta, kama ulezi kwenye ungo, na upepo hauulizi punje ipi ilikuwa nzima. Karatasi ya Atuganile ikikosekana, huko juu wataandika kwamba hakufika. Hakuna atakayeandika kwamba alikuwa barazani, anajua majibu yote, kanga usoni. Na Ruthi je? Atakaa mbele ya karatasi isiyo na mawe. Kwa Ruthi sijui nifanye nini, na hilo linaniuma. Nitamwambia aweke changarawe mfukoni. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba ni kosa.

Kwa Atuganile najua.

Mila ile inawafunga wote wawili. Jana mzee aligeukia ukuta, nilimwona kwa macho yangu. Aliyetangulia ndani ndiye mwenye nyumba, ndivyo alivyosema mama. Basi jioni hii nimemtuma jirani akamwambie mama amlete mtoto kabla hapajapambazuka. Ufunguo wa darasa unakaa kwa mwalimu wa darasa, na mwalimu wa darasa ni mimi.

Nitamfungulia yeye kwanza. Atakaa benchi la mbele, kanga mabegani.

Mzee akifika, nitamwambia mlangoni, kwa heshima zote, kwamba mkwewe yumo ndani. Akibaki barazani nitampelekea kiti na chai ya moto, nitamwomba radhi moyoni kwa yote niliyomdhania, na mwalimu mkuu atamwita yule mjumbe mwingine. Akikanyaga kizingiti, basi haikuwa mila kamwe, na darasa zima litamwona.

Mvua bado inanyesha. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga, na hata sasa ninapoandika naugusa, nione kama upo.