Risasi ya Mwakiro mbele ya mashine

Twaha weee! Leo nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Si unajua kichwa kinanigonga tangu Ramadhani? Watafiti wa ubongo hapa Gitega wamenipeleka kwenye IRM, ile mashine ya sumaku, waone kama kichwani mna uvimbe.

Dokta kauliza, "Mzee, una chuma mwilini?" Mke wangu Swabra kanirukia mdomoni: "Iko risasi kichwani! Alipigwa kule Mwakiro, vita vya 96!"

Risasi, Twaha! Ule uongo niliomwambia! Na we ulikuwepo, nilijigonga tu kwenye tawi tukikimbia milio ya bunduki.

Dokta akarudi nyuma. "Basi haingii. Sumaku itaivuta, atakufa."

Nikasema, "Dokta, ilishatoka. Niliitoa kwa chafya siku vita vilipoisha."

Hakucheka. Wakanipiga eksirei kwanza. Risasi hamna. Wakaniingiza kwenye mashine. Uvimbe pia hamna, alhamdulillahi!

Natoka natabasamu, Swabra huyo mlangoni: "We Houssein! Miaka yote nakubebea maji, nakupasulia kuni, eti risasi isitikisike!"

Sasa anatafuta namba yako. Akipiga, we sema uliiona ikitoka. Puani, tundu la kushoto. Usije ukasema la kulia, nimeshamwambia kushoto.