Sufuria ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 1974

Chai ya wageni imechelewa tena. Kosa si langu, ni la jiko. Jiko la umeme, juu yake kioo kitupu, jeupe, laini kama sahani. Aliliacha mzungu wa tumbaku aliyekuwa Urambo, Meneja akalileta hapa nyumba ya wageni kwa lori. Siku hiyo hiyo akatupa mafiga yangu.

Jiko halitaki chombo kisicho na kitako bapa. Sufuria za dukani nyembamba, zikipata joto zinatuna chini, zinazunguka kama pia. Zile za duara zinayumba, maji hayachemki. Ukiburuta, kioo kinakwaruzika, Meneja anapiga kelele. Na sufuria nene madukani hakuna, hata uwe na pesa. Alhamisi wanakuja wakubwa. Meneja anataka pilau. Pilau juu ya kioo!

Jumatano, 5 Juni

Nimefanya jambo.

Mke wangu Mwajuma ana sufuria ya shaba. Ya marehemu mama yake, naye aliipata kwa mama yake, zama za misafara. Nzito, kitako cha mviringo. Kwao bibi harusi hatoki nyumbani bila pilau ya sufuria ile. Binti yetu Tatu anaolewa Jumapili ya wiki ijayo.

Mwajuma alikuwa sokoni. Nikaitia kwenye gunia mpaka kwa Fundi Ramadhani, hapa hapa mtaani kwetu Ng'ambo. Fundi akaigonga kwa kidole, akasikiliza.

"Mwenyewe anajua?"

"Mwenyewe mimi."

"Haya, mwenyewe. Kaa mbali, nyundo haina macho."

Amekipiga kitako mpaka kimelala. Nimeiweka juu ya ubao. Haiyumbi hata kidogo. Nikaipeleka kazini moja kwa moja.

Alhamisi, 6 Juni

Pilau imetoka punje punje. Sufuria ilikaa juu ya kioo kama imezaliwa hapo. Nilipunguza joto mapema, shaba inatunza moto. Sikuiburuta, niliinua. Wakubwa waliongeza mara mbili. Meneja kanishika bega.

Niliona fahari. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye. Niliona fahari.

Ijumaa, 7 Juni

Mwajuma kaitafuta sufuria aisugue kwa majivu na ndimu. Nikasema nimewaazima watu wa maulidi. Kisha nikaenda kusali Ijumaa na uongo huo mdomoni.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwambia kweli. Hakulia. Bora angelia.

"Umempiga mama yangu, Baba Tatu."

Basi. Akafunga nguo. Amepanda treni na Tatu, wameenda Igalula kwa kaka yake. Harusi itakuwa huko. Bila sufuria nisikanyage, kasema.

Nina makosa. Niliiba kwa mke wangu, nikadanganya juu yake. Sina la kujitetea.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kuchukua sufuria. Meneja kaifungia stoo! Ati imeshafanya kazi ya wageni, jiko linaitaka, chombo kama kile ni mali ya umma.

"Ndugu, zama za changu changu zimekwisha."

"Basi leta na kitanda chako, tulale kwa zamu."

Jikoni waliangua kicheko. Meneja akawa mwekundu wa macho.

Mimi nilicheza ngoma siku ya Uhuru mpaka viatu vikafa. Shamba la ujamaa nalima, simtegei mtu. Lakini hakuna aliyetuambia ujamaa ni kumnyang'anya marehemu. Mwizi wa sufuria ile ni mimi. Mmoja anatosha.

Alhamisi, 13 Juni

Jiko la kioo sikuligusa leo. Nimetafuta mawe matatu, nikayapanga chini ya dirisha la Meneja, nikachochea kuni mbichi. Chai ilichemka upesi. Moshi wote ofisini kwake.

Alitoka anakohoa. Kazi utaikosa, akasema. Nikamwambia kazi ni yako, sufuria si yako.

Mchana nikaingia chumba cha kulia na aproni yangu. Nikawaambia wageni kwa nini leo wanakula wali mkavu. Nikasema yote. Kwamba niliiba, nikaiharibu, nikadanganya. Kwamba harusi ni Jumapili, na sufuria iko stoo. Wageni wakaacha kula, wakamtazama Meneja.

Meneja akatupa ufunguo mezani, akanifukuza kazi hapo hapo.

Nimetoka kwa mlango wa mbele, sufuria kichwani. Miaka yote nilikuwa napita wa nyuma. Sijuti. La kuiba najuta. Hili sijuti.

Jumapili, 16 Juni. Igalula

Nilifika jana. Kwenye treni sufuria nilipakata. Mama mmoja akauliza, "Baba, ndiyo mke mdogo?" Nikamwambia, huyu ndiye mkwe.

Mwajuma hakunisalimu. Aliipindua, akapitisha kiganja pale palipokuwa na mviringo. Akaiweka juu ya mafiga, akatia maji, akachuchumaa kuangalia kama inavuja. Haikuvuja.

Leo wamepika. Kitako bapa hakipatani na kuni, moto wote unapiga katikati. Pilau ikashika chini. Kwa sufuria ile haijapata kutokea. Watu walipakuliwa ya juu, hawakujua. Tatu ameondoka na mumewe, analia, anacheka.

Watu walipotawanyika Mwajuma akakwangua ukoko wote, mweusi. Akanijazia sahani. Akakaa mbele yangu.

Nikala. Mchungu.

"Pembeni bado umo," akasema, akanisogezea sufuria.

Nikaumaliza na wa pembeni.