Kanda za Mke Wangu Zinateketezwa Ijumaa

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Ukurasa wako nimeusoma miaka mingi nikiwacheka wanaokuandikia, na leo zamu imenifikia mimi, kwa hiyo nisaidie na wala usinionee haya.

Mimi ni mtunza kanda katika kampuni ya televisheni ya kebo, ile iliyoanza enzi za waya kupitishwa juu ya mapaa na fundi kuja na ngazi yake begani, nina miaka ishirini na miwili katika chumba kimoja kisicho na dirisha, chenye rafu kumi na nne na kanda elfu sita na ushee, na nikikwambia naweza kuingia mle taa zimezimika nikatoka na kanda unayoitaka, sijigambi, ni mazoea tu. Mwaka huu watazamaji wametukimbia, kila mtu na simu yake mkononi, mpaka wakubwa wakatangaza kwamba yeyote mwenye wazo alilete, hata mfagizi, na mimi ambaye tangu niajiriwe sijawahi kufungua mdomo mkutanoni nikakaa chini nikaandika pendekezo la kurasa tisa.

Nilipendekeza chaneli isiyo na habari, isiyo na mpira, isiyo na watu wanne mezani wakibishana, ni tamthilia za zamani za kebo yetu tu, marudio mwanzo mwisho, kila moja saa ile ile iliyokuwa ikionyeshwa zamani, ili yule aliyekuwa akitelekeza sufuria jikoni saa moja kasorobo kukimbilia sebuleni aitelekeze tena, na nikaeleza kwamba dada wa mapokezi ana daftari zima la watu wanaopiga simu kuulizia tamthilia zao, na mwisho nikaambatanisha orodha ya tamthilia kumi na moja ambazo kanda zake ni nzima. Mshauri, walilipenda. Mkurugenzi wa vipindi, binti wa juzi tu ambaye baadhi ya kanda zangu zimemzidi umri, alilisoma mbele yangu akicheka peke yake, akasema, "Mzee, siku zote ulikuwa umejificha wapi?"

Kisha akaipitia orodha, akairudia, akauliza, "Na Zahanati ya Ghorofani iko wapi? Mama yangu atanifukuza nyumbani nisipoiweka."

Nikamjibu, "Imeingia kuvu."

"Yote?"

"Yote."

Haijaingia kuvu. Hakuna kanda safi kuliko hizo katika chumba kizima, kwa sababu kila mwaka nazitoa moja moja, nazipangusa, nazizungusha kwenye mashine mbele na nyuma zisigande, nazirudisha mahali pake, kazi ambayo hakuna aliyenituma.

Sasa nikueleze kwa nini nilidanganya. Muuguzi wa tamthilia ile, aliyewatoa watu machozi kwa misimu minne, ndiye mke wangu. Nilimpata hapo hapo kazini, mimi nikiwa kijana wa kuandika lebo, tarehe, namba ya sehemu, majina ya waigizaji, na jina lake nililiandika mwaka mzima kabla sijathubutu kumsalimia. Lakini katika tamthilia aliolewa na Daktari, na mji mzima ukaamua kwamba ndoa ya kweli ni ile. Hakuna aliyemwita kwa jina lake, ilikuwa Mama Daktari huku na Mama Daktari kule, siku ya harusi yetu shangazi yangu wa kuzaliwa tumbo moja na baba alinong'ona kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima kwamba anamwonea huruma Daktari, tukienda sokoni watu wanampa yeye salamu na mimi wananipa vikapu nibebe, na siku aliyojifungua binti yetu nilikuwa nimesimama mlangoni pa wodi na chupa ya chai mkononi, mkunga akatoka, akaniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Wewe ndiye dereva? Daktari mwenyewe anakuja saa ngapi?" Wakacheka wote, nami nikacheka. Iliniuma, Mshauri, iliniuma mpaka leo.

Kati yao hakukuwa na kitu, hilo nakuhakikishia, na huyo mwigizaji siku hizi anauza matairi, ana kipara na wajukuu, tukikutana ananiuliza shemeji hajambo, namwambia hajambo. Tamthilia ilipokwisha watu walisahau kidogo kidogo, mke wangu akafungua duka la kushona, na kwa miaka kumi hii nimekuwa mume wa fundi cherehani, nikipita barabarani nasalimiwa mimi kwanza. Nilipokuwa naandika ile orodha mkono wangu uliruka jina la tamthilia hiyo wenyewe, na mkurugenzi aliponiuliza mdomo ukafuata.

Nilidhani yameishia hapo, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kanda zenye kuvu haziruhusiwi kukaa na nyingine, huambukiza, na mwezi ujao wanakuja wataalamu wa kuzihamishia kanda zetu kwenye kompyuta, kwa hiyo nikaagizwa nijaze fomu ya kuteketeza, nikaijaza, nikatia sahihi, na sasa masanduku sita yenye kanda arobaini na nane, sehemu tisini na sita, yamepangwa kando ya mlango yakiwa yamezungushiwa utepe mwekundu, na Ijumaa saa tatu asubuhi gari linakuja kuyapeleka kwenye tanuri la taka. Nakala nyingine hakuna. Mke wangu alikuwa na kaseti moja tu nyumbani, dada yake akaiazima, mashine ikaitafuna.

Huku dada wa mapokezi alikwenda dukani kuchukua gauni lake akamwambia chaneli inakuja, na mke wangu, ambaye hajui kwamba wazo ni langu wala kwamba tamthilia yake haimo, amewapigia simu rafiki zake wote, amenunua king'amuzi kipya, na juzi mezani alimwambia binti yetu wa miaka kumi na miwili kwamba sasa atamwona mama yake kazini. Mtoto akasema, "Mama nawe! Kila mtu mzima anasema zamani alikuwa maarufu." Hakusema kwa ubaya, aliendelea kula, lakini mke wangu alinigeukia mimi, akasema, "Baba yake, hebu mwambie."

Nikasema chumvi imezidi.

Mshauri, nikisema ukweli kazini nitaonekana mwongo na pendekezo langu labda litatupwa nami nikiwa ndani yake, nikisema nyumbani sijui nitaanzia wapi, na nikinyamaza Ijumaa itapita na kila mtu atalaumu kuvu. Nifanyeje? Nambari yangu ya simu ni hiyo hapo chini, ya kwako tu, usiichapishe.

Mtunza Kanda

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba. Umri nimekuzidi, na haya sikuonei hata chembe.

Nianze na lako kabla sijakugombeza. Kusimama mlangoni pa wodi na chupa ya chai, mkeo ndani anakuzalia mtoto, halafu mtu akuulize kama wewe ni dereva, inauma. Ningekuwa mimi ningemmwagia mtu hiyo chai. Basi, huruma yangu imeishia hapo, tuzungumze.

Nimeisoma barua yako mara tatu natafuta mahali ulipomwambia mkeo, "Mke wangu, hili jambo linaniumiza." Sijapaona. Miaka yote hiyo! Mwanamke anayelala ubavuni mwako hakuwahi kuambiwa, mkunga hakuambiwa, shangazi yako mwenye mdomo hakuambiwa, ila fomu ya kuteketeza ndiyo uliyoiambia, ukaitilia na sahihi. Unamwonea wivu nani, bwana? Yule Daktari ni koti jeupe la kuazima na kifaa cha kupimia mapigo ambacho nina hakika kilikuwa kibovu. Mvaaji wake anauza matairi na anakuuliza hali ya shemeji kwa adabu kuliko unavyostahili.

Tena hata kumchukia humchukii vizuri. Mtu anayetaka kitu kipotee hakipangusi kila mwaka. Ulizitunza kanda za mkeo kuliko za mtu yeyote, kwa mikono hiyo hiyo, na hilo ndilo ungemwambia mezani alipokugeukia. Mtoto alikuwa anamwona mama yake mjivuni. Mtu pekee katika nyumba ile mwenye ushahidi wa sehemu tisini na sita akaulizwa, akajibu habari za chumvi. Kwenye barua nzima, hapo ndipo nilipokasirika.

Sasa tuje kwenye tarehe, maana tarehe ndiyo kazi yako. Barua hii umeileta kwa mkono Jumanne. Kanda zinateketezwa Ijumaa. Ukurasa huu hutoka Jumapili, na unajua, umeusoma miaka mingi ukicheka. Hukutaka ushauri. Ulitaka kuambiwa pole mambo yakiwa majivu tayari, uweze kusema ulijaribu.

Ndiyo maana sikungoja Jumapili. Wasomaji na wajue kwamba Jumatano saa nne asubuhi nilikupigia simu. Ulipokea. Nilikwambia, "Inuka sasa hivi ukaiombe ile fomu irudi."

Ukasema, "Nitaangalia."

Nikakuuliza utaangalia nini, kanda au saa? Nikakwambia barua yako itatoka Jumapili kama ulivyoiandika, neno kwa neno, na kama hutaki useme. Ukasema, "Itoe." Kisha ukakata simu, na toka hapo hupokei.

Kwa hiyo naandika haya bila kujua umefanya nini, na nitakushauri kwa yote mawili.

Kama masanduku bado yapo mlangoni, au yamerudi kwenye rafu, nenda mwenyewe kwa mkurugenzi kesho asubuhi. Usimwambie ulikosea kwenye ukaguzi, usimwambie mwanga ulikuwa hafifu. Mwambie, "Nilidanganya, kanda ni nzima, na sababu ni mambo ya nyumbani kwangu." Akikupa barua ya onyo, ipokee kwa mikono miwili. Akikuondoa kwenye chaneli, ondoka, chaneli ibaki, maana wazo lako ni zuri na mimi mwenyewe nina tamthilia mbili ninazozidai. Kisha mwombe akuruhusu mkeo aingie chumba cha kanda, achague sehemu moja, aangalie kabla mji haujaangalia. Mwanao aende naye.

Kama zimeteketea, hapo hakuna dawa tamu. Usiseme kuvu tena, hata kwa mkato. Na ukikiri usimtangulize Daktari kama wakili wako. Sema ulichofanya, nyamaza, mwache alie au atupe vitu, kaa hapo hapo. Halafu uombe lile daftari la mapokezi. Watu wanaopiga simu kila wiki kwa ajili ya tamthilia ndio watu waliokuwa wakirekodi nyumbani. Wapigie mmoja mmoja, nenda majumbani kwao, piga magoti ikibidi, ukusanye kipande hapa na kipande pale. Hutapata tisini na sita. Ukipata nne, mtoto atamwona mama yake.

Vyovyote iwavyo, mkeo hawezi kuyasikia haya kwa mtu mwingine. Na hapa nikukumbushe jambo ambalo nadhani ulilijua uliposema "Itoe." Jina lako nimelificha, jina lake hukuliandika, lakini mafundi cherehani wote ninaowajua hununua gazeti hili Jumapili, husoma ukurasa huu kwanza, kwa sauti, mteja akiwa amesimama anapimwa. Wako hatahitaji jina. Akifika kwenye chupa ya chai atakuwa ameshajua.

Kwa hiyo funga gazeti hapa. Kama bado yuko nyumbani anavaa viatu, mwambie akae kidogo.