Kwa Kaka Audax, Kuhusu Ule Mgomba Wetu Mchungu

Mpendwa kaka Audax,

Shikamoo siandiki. Uliikataa siku ya kwanza tulipoonana, ukaniambia, "Shikamoo kawape wazee, mimi ni mtu wa fomu thrii tu," na mpaka tunakuzika kule Kanoni mwaka juzi sikuwahi kukuamkia hata mara moja. Basi habari za huko uliko. Sisi huku hatujambo, mvua imenyesha vizuri, na nina jambo ambalo nimejaribu kuwasimulia watu watatu nikashindwa, maana kila mmoja ananikatiza na kuuliza, "Kwani huo mgomba una nini hasa?"

Shule yetu inajenga maabara. Kiwanja walichopata ni kile kibanja chetu cha migomba nyuma ya bwalo. Migomba yote inang'olewa, na kibanja kipya kule chini ya tangi la maji kina mashimo kumi na nane tu. Koo za migomba, yaani kila mgomba na machipukizi yake, zilizosalia, wewe unajua, ziko ishirini na nne. Kwa hiyo makamu mkuu wa shule akapiga simu wilayani kuomba bwana shamba aje achague ukoo upi uhamishwe na upi uachwe ufe. Na bwana shamba wa eneo lile siku hizi, kaka, ni mimi.

Najua unacheka. Cheka tu, una haki.

Maana wewe ndiye uliyeniona nikiingia getini na tranka, godoro, jembe jipya na ule mche. Wenzangu wote walikuja na miche iliyochaguliwa na mababu zao, imekatwa majani vizuri, imefungwa kwa kamba za migomba. Wangu baba alikuwa ameuzungushia gazeti kama zawadi ya harusi. Baba yangu ni mtu wa Singida, amekulia kwenye mtama na uwele, aliwahi kuwa mwinjilisti, na kazi ya ukarani ndiyo iliyomleta Rubwera, huku Kagera. Fomu ya shule ilisema mwanafunzi aje na mche mmoja wa mgomba, naye akatii kama anavyotii kila kitu kilichopigwa mhuri. Akazunguka nyuma ya nyumba tuliyopanga, kwenye uzio wa kilabu cha pombe, akaomba, akapewa, akashukuru sana.

Mimi nilikuwa nimelia tangu asubuhi. Kiranja akasoma majina, kila mgeni na kaka yake wa shimo, yaani yule mkubwa atakayechimba naye shimo la mgomba na kubaki kaka yake mpaka amalize shule. Nikapewa wewe, mrefu, umevaa kandambili za rangi mbili. Ukaupokea mche wangu, ukalifungua lile gazeti, ukaugeuza kitako juu. Ukakwangua shina kwa ukucha. Ukauangalia kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa.

"Una afya huu," ukasema. "Twende tukachimbe."

Tukachimba, tukatia majivu ya jikoni na samadi, na kwa kuwa kila ukoo hupewa jina la mahali alikotoka mwenye mgomba, ukakata kibao ukaandika SINGIDA. Wavulana wa Karagwe walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu lini Singida ikawa na migomba?

Nilivyoutunza ule mgomba, mama yangu mwenyewe hajawahi kuniona nikitunza kitu namna hiyo. Mara mbili muhula ule wa kwanza nililifunga tranka langu nikitaka kutoroka kurudi Rubwera, na mara zote mbili ulinikuta, hukunigombeza, uliniambia tu, "Haya, lakini kwanza twende tukaupalilie." Tukipalilia, hamu ya kwenda inapungua. Mwaka uliofuata mgomba ukazaa mkungu ambao tuliuwekea nguzo mbili. Nilitamba, kaka! Nilitamba bwaloni, nilitamba mtoni, niliwaambia watoto wa Kanoni na vibanja vyao vya ekari nyingi kwamba waje wajifunze kilimo kwa Mnyaturu wa Singida.

Halafu ikafika ile Jumapili. Mkungu wa kwanza, mwenye mgomba anawapikia bweni zima baada ya ibada, na mtu haruhusiwi kuinuka mpaka sufuria liishe. Wale wenye vibanja kwao walianza kutazamana tangu kwenye kumenya. Mimi nikadhani wanashangaa ukubwa. Tukaweka maharage, tukaweka vitunguu, nikapakua kwa mkono wangu mwenyewe huku nimevimba kichwa. Kila mtu akatia tonge la kwanza mdomoni, na nyuso zikaanza kukunjana.

Zilikuwa embire, ndizi chungu za kukamulia pombe. Kagera nzima hakuna mtu mwenye akili zake anayezipika. Katika shule ya kanisa, mimi mtoto wa mwinjilisti wa zamani, nilikuwa nimetumia mwaka mmoja na miezi minne kulima malighafi ya kilabu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Na hapo ndipo wewe, bila kukunja uso hata kidogo, ulipomaliza sahani yako ukanyoosha mkono. "Niongezee," ukasema. Ukaongezewa. Ukala tena. Sasa nani angethubutu kuacha, na mtu wa fomu foo anaongeza? Wakala. Chakula ambacho siku nyingine huisha kabla hujapata kijiko kikatuweka pale mpaka kengele ya jioni, maana hakuna aliyeweza kumeza haraka. Na watu wakikaa kiasi hicho lazima wazungumze. Kiranja mkuu mwenyewe, yule tuliyekuwa tukimkimbia, akakiri kwamba fomu wani nzima alikuwa akilala na kanga ya mama yake. Mmoja akaimba nyimbo za mavuno za Burundi alizofundishwa na bibi yake. Tulicheka mpaka uchungu wenyewe tukausahau. Sikulifunga tena tranka baada ya siku ile.

Tulipokuwa tunasugua sufuria nikakuuliza, "Ulijua?"

"Niliujua siku ile ile."

"Mbona hukuniambia?"

Ukaendelea kusugua. "Baba yako alikuwa bado amesimama getini anatutazama," ukasema. "Alivyokuwa na furaha, ningesemaje?"

Kaka, nimesoma chuo, nimepata cheti cha kilimo na ukutani nimekitundika, na bado sijasikia mtu akisema jambo zuri kuliko lile.

Basi Jumamosi nikaenda. Nilivaa buti za kazi na fomu zangu nimezibana kwenye ubao. Nikapita ukoo mmoja hadi mwingine, nikaangalia mnyauko, nikaangalia mizizi, nikajaza. Bugene, uhamishwe. Nkwenda, uhamishwe. Murongo una ugonjwa, uachwe. Nikafika kwetu. Mashina matano, yamesimama kama madume, hayana hata kidoa. Nikaandika kilichokuwa kweli: ndizi za pombe, hazifai kwa chakula cha shule, usihamishwe. Kazi yangu ndiyo hiyo, na wewe ungenisuta kama ningedanganya. Lakini niliumia. Nilijiona kama nakuzika mara ya pili, safari hii kwa kalamu.

Makamu akawakusanya wavulana, nikasoma orodha kwa sauti. Nilipofika kwenye Singida kuna mkono ukanyooka. Mwenye mgomba sasa, aliyeachiwa na wakubwa waliomtangulia, ni kijana wa kidato cha pili kutoka Songambele, anaitwa Ezra, mdogo wa umbo lakini sauti anayo.

"Shikamoo mwalimu, shikamoo afisa. Huo usiachwe."

"Ezra," makamu akamwambia, "umemsikia mtaalamu? Hauliki."

"Unalika mwalimu. Tunaulaga kila mwaka."

"Mnakula embire?"

"Ndiyo. Za koo nyingine wakubwa wanawahi, fomu wani wanakuta maji ya maharage. Za Singida hakuna anayegombania. Tunakaa wote, tunabembelezana mpaka ziishe. Mimi ndiyo siku niliyowajua watu wa bweni langu."

Wavulana wakapiga makofi. Nikageukia tangi la maji nikajifanya naangalia bomba. Hawakujua, kaka. Hawajui jina lako, hawajui ni nani aliyeomba kuongezewa. Wanajua tu kwamba ndivyo inavyofanyika.

"Mashimo ni kumi na nane," makamu akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshalegea.

"Tutachimba la kumi na tisa."

Nikawaambia ukweli kama mtaalamu: upande uliobaki ni mwamba mtupu. Wakaenda kuchukua sururu. Bweni zima, wakubwa kwa wadogo, wakapokezana, mawe yakatoka makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Nikavumilia kama nusu saa hivi, kisha nikaweka ubao chini, nikakunja mikono ya shati nikaingia. Viganja vyangu hivi ninavyokuandikia vina malengelenge, na ninavitazama kwa raha. Saa saba mchana shimo likatosha. Ezra akauteremsha mche, wenzake wakaimba, na mimi nikaimba nao ingawa maneno mapya siyajui.

Wakati wa kuondoka makamu akanishika bega. "Bwana shamba, fomu yako inasema usihamishwe, na mgomba huo hapo umehama. Nisaini nini?"

Nikaichukua fomu. Kwenye aina nikaacha vile vile, ndizi za pombe. Kwenye faida nikaacha vile vile, hakuna. Nikafuta neno usihamishwe nikaandika uhamishwe, na penye nafasi ya sababu nikaandika: wenyewe wanaupenda. Akasoma mara mbili, akasaini.

Lala salama, kaka. Katika miaka yote ile tuliyokuwa pamoja nilikushukuru kwa daftari, kwa sabuni, kwa kunibeba nilipougua malaria. Kwa kuninyamazia siku ile mbele ya baba sikuwahi kukushukuru. Asante.

Mdogo wako wa bweni