Tairi za Kemunto

Mjukuu wangu Ombati,

Hatujambo hapa Keroka. Mama yako yuko shambani anachuma chai. Umeniuliza mbona tairi za kigari chako cha mashindano, kile cha umeme, zinateleza kikiondoka. Hata mimi sielewi vizuri.

Utotoni, mimi na dada yangu Kemunto tulishindanisha vigari vya mikebe vilivyosukumwa na ukanda wa mpira uliosokotwa. Tairi tulizikata kwenye patipati kuukuu, zile ndara za mpira. Zangu nilizichonga mistari kama za lori. Zake alizisugua kwenye jiwe mpaka zikawa laini, akazipangusa vumbi. Zangu zikateleza, zake zikashika sakafu, akanishinda.

"Umefanya hila!" nikalia.

Akazing'oa tairi zake, akanipa. Nikazifunga kwenye kigari changu, tukashindana tena, nikashinda.

"Sasa mbona hufurahi?" akauliza.

Sikujua nani ameshinda, mimi au yeye. Mpaka leo sijui.

Wewe sugua tu.

Nyanya yako,
Moraa